Penseli Pembeni mwa Ukurasa

Riwaya ya upelelezi huijui mpaka uirudie. Mara ya kwanza unakimbizwa tu: unamtaka muuaji, unaruka aya, chai inapoa mezani. Ukiirudia, siri umeshaijua, na macho yanapata nafasi ya kuutazama mkono wa fundi.

Hivyo ndivyo nilivyoirudia Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, iliyochapishwa mwaka 1960 baada ya kushinda shindano la uandishi wa hadithi. Safari hii nilishika penseli. Maiti inakutwa mzimuni, pahala watu wanapopaogopa, na uchaguzi huo wa pahala ni ufundi mtupu. Kabla mpelelezi hajafika, kila mtu ana jibu lake tayari. Hofu ya watu imekuwa pazia, na nyuma yake mkono wa binadamu umetenda kazi yake kwa raha. Mpelelezi huyo, Bwana Msa, anawasha kiko, anasikiliza. Silaha yake kubwa ni masikio.

Nilipokuwa nikipigia mistari niliona aibu kidogo, kisha furaha. Maneno niliyoyapita mbio, nikidhani ni porojo za barazani, sasa niliyaona yana uzito. Abdulla hakunidanganya hata mara moja. Aliniwekea mambo mbele ya macho, akayavika adabu ya mazungumzo ya Kiunguja, salamu ndefu na mzaha wa marafiki, nami nikapita. Kuficha kitu mahali peupe kunataka subira ambayo mimi, kwa kweli, naionea wivu.

Mwandishi Adam Shafi naye alijipa mtihani mwingine. Katika Kuli, ya mwaka 1979, anasimulia mgomo wa makuli wa Unguja wa 1948. Tukio hilo limo katika historia. Msomaji anajua litakuja. Basi hamu itoke wapi? Shafi anaanza mbali, nyumbani kwa mtoto wa kuli. Tunamwona Rashidi akikua, akiingia bandarini kama baba yake, akibeba, akichoka, akianza polepole kuuliza kwa nini. Kurasa nyingi zinakwenda hivyo, bila haraka. Mgomo unapofika, mabega yale unayafahamu, na unaogopa kama vile hakuna aliyewahi kukuambia kilichotokea. Hujiulizi tena kama makuli watagoma. Unajiuliza huyu wa kwako atakuwaje.

Wengi humpenda zaidi Shafi wa riwaya yake nyingine, Vuta N'kuvute, na sibishani nao. Moyo wangu uko bandarini.

Nakala yangu ya Kuli imeachia gundi. Kurasa za mgomo ndizo zilizochomoka kwanza. Nimezishona kwa uzi wa katani, nikachonga penseli, na jana usiku nimeanza upya, kule nyumbani kwao Rashidi.