Ubeti wa phl kwenye Jua la Lodwar

Mishororo ya ubeti huu ni jeni nne, na hazifuati alfabeti: phlA, phlC, phlB, phlD. Herufi wamezibandika wanasayansi. Mpangilio ni wa bakteria mwenyewe, Pseudomonas, mkazi wa mizizini. Jeni hizi zikisomwa kwa mfululizo huzaa DAPG, kiuavijasumu kinachozuia kuvu zinazoozesha mizizi ya ngano na tumbaku.

Utamu wa ubeti huu uko kwenye kituo. phlD husomwa mwisho, lakini kazini hutangulia: kimeng'enya chake ndicho kinachofinyanga kiini cha dawa, kisha vimeng'enya vya mishororo mitatu ya juu hukivika mapambo. Ajabu nyingine ni kwamba kimeng'enya hicho cha phlD kinashabihiana na kile ambacho mimea huanzia nacho kutengeneza rangi za maua.

Pembeni, ikitazama upande wa pili, ipo phlF. Hii haiimbi, kazi yake ni kuuziba ubeti mdomo. Kinachouzibua ni DAPG yenyewe: tone la kwanza likipatikana hulegeza kizuizi, na tone huvuta tone. Nimesoma mashairi mengi yanayojirudia bila sababu. Hili lina sababu. Adui naye anajua pa kushika: kuvu ya Fusarium hutoa asidi fusariki, nayo huzima uzalishaji wa dawa hiyo.

Juu ya yote kuna jozi ya protini GacS na GacA, inayoamua kama ubeti uimbwe au la. Mlishe bakteria supu nono maabarani, na baada ya vizazi kadhaa utapata wenye jozi iliyoharibika: wepesi wa kuzaana, mabubu.

Basi tuupeleke ubeti huu Turkana. Aina ya Pseudomonas iitwayo CHA0 ilitoka kwenye mizizi ya tumbaku Uswisi. Nyingine, Pf-5, ambayo jenomu yake ya herufi za DNA zipatazo milioni 7 ilichapishwa mwaka 2005, ilitoka kwenye pamba ya Texas. Lodwar hupata mvua ya milimita 200 hivi kwa mwaka. Huko Kakuma, kambi ya wakimbizi iliyoanza mwaka 1992, sukuma wiki humea kwenye magunia kwa maji ya mgao. Pseudomonas hana spora, ukavu humuua. Umbo lake ni kamilifu kwa udongo wenye unyevu, na huo ndio upungufu wake huku.

Bakteria mwingine, Bacillus subtilis, hana ubeti wa kuvutia kiasi hicho. Ila anayo spo0A, jeni inayomwamuru, njaa ikizidi, ajifunge ndani ya spora ngumu na kungoja. Kwa jua la Lodwar namchagua yeye. Nawe ukiuziwa chupa ya bakteria, soma jina kwenye lebo. Likiwa Pseudomonas, muulize muuzaji ilisafirije kutoka mji wa Kitale hadi Lodwar.