Albamu Mpya Inavyofika Kalengera

Tangu mwaka 2015, kampuni kubwa za muziki duniani zimekubaliana kutoa albamu siku ya Ijumaa, na wasanii wengi wa Dar es Salaam, Nairobi na Kinshasa wameifuata ratiba hiyo. Saa sita ya usiku nyimbo zote zinaingia mtandaoni kwa mpigo, na hesabu inaanza. Kalengera, kwenye barabara ya kutoka Goma kwenda Rutshuru, albamu hiyohiyo inafika kwa kuchelewa na haifiki nzima. Kinachoifikisha ni kadi ya kumbukumbu ya simu, na kadi ina kanuni zake.

Tuchukue Sound from Africa, albamu ya msanii wa Bongo Fleva Rayvanny ya Februari 2021, yenye nyimbo 23. Wingi huo una mantiki ya kibiashara. Spotify huhesabu wimbo umesikilizwa ukishavuka sekunde 30, na Marekani, tangu 2016, chama cha kampuni za rekodi cha RIAA huchukulia usikilizaji 1,500 wa nyimbo za albamu kuwa sawa na albamu moja iliyouzwa. Ukiongeza nyimbo na kuzifupisha, mashabiki walewale wanakuletea hesabu kubwa zaidi. Sasa ipime na Virunga Volcano ya Samba Mapangala na Orchestra Virunga, bendi iliyopata jina Nairobi. Albamu hiyo ilitolewa na Earthworks ya Uingereza mwaka 1990, ikiwa na nyimbo nne tu, ndefu, zenye nafasi ya kutosha kwa magitaa. Nao Virunga ni milima hiihii iliyo jirani na Kalengera.

Turudi kwenye kadi. Mtu mmoja mwenye mtandao mzuri anapakua, nyimbo zinaingia kwenye kompyuta, kisha zinafika kwenye kibanda kinachochaji simu na kujaza nyimbo kwenye kadi. Faili la MP3 la kilobiti 128 kwa sekunde hula takriban megabaiti moja kwa kila dakika, kwa hiyo wimbo wa dakika nne unachukua MB 4, na kadi ya GB 4 inabeba kama nyimbo elfu moja. Nafasi inaonekana kubwa, lakini mteja analipia kadi iliyojaa mchanganyiko: rumba, Bongo Fleva, injili, za zamani kidogo za mzee wake. Hakuna anayetaka msanii mmoja achukue nafasi 23. Kijana wa kibanda anachagua tatu au nne, zilizobaki anaziacha kwenye mashine. Mimi namhesabu kuwa mhariri wa mwisho wa albamu, ingawa jina lake haliandikwi popote.

Halafu unakuja mpangilio wa nyimbo, jambo lililomkosesha msanii usingizi. Redio nyingi za bei nafuu zenye tundu la kadi hazifuati majina wala namba za faili. Zinapiga nyimbo kwa mfuatano ule zilivyonakiliwa. Kijana akianza kunakili na wimbo wa tisa, kwa msikilizaji huo ndio ufunguzi wa albamu. Wimbo wa utangulizi, wenye maneno ya kunong'ona na kinanda, ukitokea katikati ya nyimbo mbili za kucheza, unarukwa kwa kubonyeza mara moja. Kaseti haikuruhusu hivyo. Ulinakili upande A wote na upande B wote, na kurukaruka kulimaliza betri, kwa hiyo mpangilio wa mwanamuziki ulisalimika hata kwenye kaseti ya wizi.

Sauti yenyewe nayo inachujwa. Spika inayoenea kiganjani haiwezi kutoa besi nzito. Chini ya hezi 100 karibu hakuna kitu. Ngoma nzito ya amapiano, ambayo sasa imejaa kwenye albamu za Bongo, inabaki mgongano mkavu. Gitaa la sebene, ile sehemu ya kucheza ya rumba, linapita salama kwa sababu makazi yake ni juu, pamoja na sauti ya mwimbaji. Ndiyo maana naona rumba inavumilia redio ndogo kuliko nyimbo nyingi mpya zilizochanganywa kwa ajili ya magari na klabu.

Rayvanny, kwa kukusudia au kwa bahati, alipata njia moja ya kuvuka vizingiti hivi. Katika ile albamu alimwalika Innoss'B, mzaliwa wa Goma, kwenye Kelebe. Faili lenye majina mawili lina nafasi katika folda ya Bongo na katika folda ya Kongo, yaani lina milango miwili ya kuingilia kwenye kadi. Innoss'B mwenyewe alishafanya hivyo mwaka 2019, alipoirudia Yope pamoja na Diamond Platnumz.

Nyinyi mnaoandaa albamu kwa ajili ya soko hili, andikeni jina la msanii mwanzoni mwa faili, msifungue na maneno matupu, na kabla ya kuukabidhi mchanganyo wa mwisho uchezeni kwenye redio ndogo ya kadi. Hata hivyo, kusikilizwa kwenye kadi hakuingii katika hesabu ya Spotify wala ya RIAA, na hakumlipi msanii hata franka moja.