Sifa za Ukingo Mnyoofu

Ubora wa fundi wa rangi hauonekani katikati ya rangi. Pale katikati hata mkono wa mwanagenzi hupendeza. Mtazame fundi mahali ambapo rangi mbili hukutana: hapo ndipo utakapojua kama alipima kabla ya kukata, kama vidole vyake vilikuwa safi, kama alikubali kungoja. Kazi hiyo ya ukingo ndiyo ninayotaka kuisifu, na nitaisifu kwa kitu kidogo kinachotosha juu ya meza hapa Kiganjo, Thika: kielelezo cha ndege ya mabawa mawili, moja juu ya jingine, kinachosubiri kuandikwa jina.

Ndege yenyewe ina historia nasi. Iliundwa Uingereza na kampuni ya de Havilland, aina ya DH.51, ambayo ziliundwa tatu tu. Mwaka 1925 mojawapo ililetwa Mombasa kwa meli, mali ya John Carberry, mlowezi mwenye shamba Seremai, Nyeri. Kwao ilikuwa imesajiliwa G-EBIR. Huku ikawa ndege ya kwanza katika daftari la Kenya, kwa herufi G-KAA, na utaratibu wa herufi ulipobadilishwa ikaitwa VP-KAA. Jina lake la kupendwa lilikuwa Miss Kenya. Mwaka 1965 ilirudishwa Uingereza ndani ya ndege ya mizigo ya jeshi la anga la huko, ikakarabatiwa, na tangu miaka ya 1970 imekuwa ikiruka tena katika mkusanyiko wa Shuttleworth, Old Warden. Leo imevaa tena herufi zake za kwanza, G-EBIR.

Mwili mmoja, basi, umebeba majina matatu ya herufi, na kila jina lilikuja kwa rangi. Anayeunda kielelezo lazima achague jina moja kabla hajagusa brashi, kwa maana akiandika herufi anataja pia wakati na mahali. Mimi huchagua VP-KAA. Sisahau kwamba ndege hiyo ilikuwa ya mlowezi, katika miaka ambayo mwanamume Mwafrika wa nchi hii hakuruhusiwa kutembea bila kipande cha utambulisho. Aliyeiona angani aliitazama kutoka shambani, mara nyingi shamba la mtu mwingine. Lakini historia haimilikiwi na aliyekuwa na hati ya kununulia peke yake. Nayo mikono inayoipima, kuikata na kuipaka rangi upya inajipatia sehemu yake ndani yake.

Herufi za ndege hazikuandikwa kwa kubahatisha. Mkataba wa Paris wa Oktoba 1919, uliosimamia safari za anga kati ya mataifa, uliziwekea vipimo. Upana wa herufi uwe theluthi mbili za kimo chake. Unene wa mstari uwe sehemu moja ya sita ya kimo. Nafasi kati ya herufi na herufi iwe nusu ya upana. Kistari kinachotenga alama ya nchi na alama ya ndege kiwe na urefu sawa na upana wa herufi moja. Herufi zichorwe juu ya bawa la juu, chini ya bawa la chini, na ubavuni pande zote mbili. Na mabawani vichwa vya herufi vielekee mbele, upande unaopasua upepo.

Anayependa hesabu atafurahi hapa. DH.51 ilikuwa na upana wa mita 11.28 kutoka ncha ya bawa hadi ncha. Katika skeli ya 1:48 upana huo unakuwa sentimita 23.5. Tuseme herufi ina kimo cha milimita 24: upana wake ni 16, unene wa mstari ni 4, nafasi ni 8. Herufi tano na kistari kimoja huchukua milimita 96, nafasi tano huchukua 40, na jumla ni 136. Gawa kwa mbili, upate 68 kila upande, na kitovu cha bawa kinaangukia katikati ya ile nafasi iliyo kati ya kistari na herufi K. Kanuni iliyoandikwa Ulaya kwa ajili ya safari za anga kati ya mataifa inafika Kiganjo na kutulia juu ya kibao cha plastiki, bila kuzidi wala kupungua.

Kabla ya herufi kuna uso wa kuziandikia. Ndege za enzi hiyo zilivikwa kitambaa cha kitani, kikapakwa dawa ya selulosi iliyokikaza kama ngozi ya ngoma. Katika matabaka ya juu ulitiwa unga wa alumini ili jua lisikiozeshe kitambaa. Ile rangi ya fedha tunayoiona katika picha za ndege nyingi za zamani ilikuwa kinga kwanza, urembo baadaye. Kwenye kielelezo fedha haisamehe: kila mkwaruzo ulioachwa chini yake hujitokeza juu. Ndiyo maana uso husuguliwa kwa msasa laini na maji, ukapakwa rangi ya msingi, ukasuguliwa tena, ndipo fedha ikaja kwa matabaka membamba.

Na hapa mahali penyewe panadai heshima. Wakati wa kiangazi vumbi jekundu la Thika huingia kila ufa, kwa hiyo fundi humwagia sakafu maji kidogo ili kulilaza kabla hajafungua mkebe. Julai na Agosti kuna baridi na manyunyu, na rangi ya selulosi ikinyunyizwa katika hewa yenye unyevu huota utando mweupe. Fundi mzuri hungoja jua lipande, ukuta ukauke, ndipo aanze. Kalenda yake huandikwa na hali ya hewa.

Sasa tepu. Mtu asiyejua hufikiri tepu ni njia ya mkato kwa mkono usio imara. Kinyume chake ni kweli: tepu huonyesha kila kosa la aliyeibandika. Ukingo wake wa kiwandani hukusanya vumbi na nyuzi tangu dukani, kwa hiyo hubandikwa kwanza juu ya kioo na kukatwa upya kwa wembe na rula ya chuma. Kisha huhamishiwa bawani. Bawa la ndege ya kitambaa lina mbavu zilizoinuka kidogo, na tepu hupenda kupita juu yake ikiacha mianya pembeni. Kila mwanya ni mlango wa rangi kuvuja, hivyo ukingo hukandamizwa kwa kijiti cha meno, ubavu mmoja baada ya mwingine.

Bado hujapaka nyeusi ya herufi. Kwanza nyunyizia fedha ileile juu ya ukingo wa tepu. Kama kuna mwanya, fedha itaingia na kuuziba, na fedha juu ya fedha haionekani. Hapo ndipo nyeusi hufuata, nyepesi, ikielekezwa kutoka kwenye tepu kwenda ndani ya herufi, kamwe si kinyume. Kila nikiiona hatua hii naistahi zaidi, kwa maana fundi aliyeibuni alifahamu kwamba uvujaji hauwezi kukatazwa daima, bali unaweza kupewa rangi isiyodhuru.

Katika VP-KAA kuna jaribio jingine. Herufi P ina tundu lake, na kila A ina pembetatu yake ndogo. Vipande hivi vitatu havishikani na sehemu nyingine yoyote ya tepu. Ukiisha kukata herufi na kuiondoa, lazima uvirudishe kimoja kimoja kwa kibano, kila kimoja mahali pake hasa. Pembetatu ya A ikisogea nusu milimita tu, jicho litajua kabla akili haijajua kwa nini. Ni vipande vidogo, na ndivyo vinavyoifanya herufi isomeke.

Ndege ya mabawa mawili inataka pia mpangilio. Ukiisha kuliunganisha bawa la juu na la chini kwa nguzo zake, mkono hauingii tena katikati. Kwa hiyo kila bawa hupakwa na kuandikwa likiwa peke yake, mwili peke yake, mkia peke yake. Nyaya, ambazo kwenye kielelezo ni nyuzi nyembamba, huja mwisho. Asiyefikiria hatua ya mwisho hawezi kuanza vizuri hatua ya kwanza.

Ujuzi huu haukuletwa Thika na wapenda vielelezo. Uko barabarani. Sheria za uchukuzi zilizoanza kutekelezwa Februari 2004, zile ambazo kila Mkenya anaziita sheria za Michuki, kwa jina la aliyekuwa waziri wa uchukuzi, ziliagiza matatu zipakwe mstari wa manjano. Mstari huo hupita juu ya mlango, juu ya ufa wa mlango, juu ya misumari ya bati. Mlango ukifungwa, manjano ya mlango lazima ikutane na manjano ya ubavu. Vijana wa gereji waliojifunza kuunyoosha mstari huo, wakaendelea hadi picha na maandishi yanayopamba matatu zetu, wanajua juu ya tepu na ukingo mambo ambayo vitabu vingi vya ufundi havijayasema. Wanaoandika mabango ya shule, makanisa na bucha nao ni wa ukoo huo. Tunawalipa kwa futi, na mara nyingi tunasahau kuwasifu.

Kutoa tepu kuna adabu yake. Haivutwi kwenda juu, hukunjwa juu yake yenyewe na kurudishwa nyuma polepole, rangi ikiwa imeshikana lakini haijawa ngumu kabisa. Kazi yote ya kupima, kukata na kufunika huonekana sasa kwa mara ya kwanza, na haiwezi kuharakishwa wala kubadilishwa. Herufi imetokana na rangi uliyoipaka, na kwa kiasi hichohicho imetokana na mahali ulipokataa rangi isifike.

Linabaki swali la upande wa chini. Kielelezo kikisimama rafuni, herufi zilizo chini ya bawa la chini hazionekani na mtu. Wako wanaoziacha. Mimi nasema hizo ndizo za kuandikwa kwa uangalifu kuliko zote, maana upande wa juu wa ndege angani huonwa na wachache mno. Upande wa chini ndio waliouona waliosimama mashambani na kuinua macho, yaani watu wetu. Wakati huo hawakuwa na daftari wala kiwanja, lakini herufi zile zilipita juu ya vichwa vyao.

Basi, walimu wa sanaa na ufundi wa Thika na Ruiru, wapeni wanafunzi wembe, rula, tepu na kibao, waandike VP-KAA kwa vipimo vyake. Watajifunza hesabu, historia na subira kwa pamoja, na gharama yake ni ndogo. Na wewe msomaji, ukionyeshwa kielelezo cha ndege, usiishie kusifu umbo lake. Omba ruhusa, ukigeuze, usome kilichoandikwa chini.