Birgit Brock-Utne: jaribio lake na kalasi za Dilala

Bandugu, kuna profesa mumoja wa Norwe mwenye banafunzi ba ualimu hapa kwetu bangepaswa kumujua: Birgit Brock-Utne. Tangu 1987 mpaka 1992 alifundisha kwenye Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Pale mutoto anamaliza shule ya musingi kwa Swahili, anaingia sekondari, na mara moja kila kitu kinakuwa Kiingereza. Akarudi Oslo na ile ulizo, hakuiacha tena.

Mwaka 2000 alitoa kitabu, Whose Education for All?, chenye kushitaki Banki ya Dunia na wafadhili wengine: banasema elimu kwa wote, lakini luga ya mutoto hawaijali.

Kwangu mimi, kazi yake kubwa si kile kitabu. Ni LOITASA, mpango wenye ulianza 2002 kati ya Norwe, Tanzania na Afrika ya Kusini, pamoja na Martha Qorro na Zubeida Desai. Sisi ba-agronomia tunaijua ile njia: shamba moja unatia mbolea, lingine unaacha, unalinganisha. Halima Mwinsheikhe alilinganisha masomo ya biolojia, Mwajuma Vuzo jografia, wote wawili banafunzi bake. Kwa Swahili, batoto banauliza, banaeleza kwa maneno yao. Kwa Kiingereza, banakariri ao banakaa kimya. Hapo njo ninamupa heshima: hakuandika tu, alilea batafiti.

Lakini kuna fasi mbili ninabishana naye.

Ya kwanza: Tanzania iko na kamusi, vitabu, na balimu benye walisoma kwa Swahili tangu utoto. Dilala hakuna vile. Sheria ya elimu ya 11 Februari 2014 inaruhusu luga za taifa na za mazingira. Lakini mwalimu anaandika ubaoni kwa Kifaransa, anageuka, anafasiria kwa Swahili, kisha egzame inarudi Kifaransa. Na ile Swahili ni ya Kolwezi, ya "njo" na "eko". Ukimuletea mutoto kitabu cha Dar es Salaam, unamuongezea luga ingine ya kujifunza, na pengine nyumbani banasema Kilunda, Cokwe ao Tshiluba.

Ya pili: ushahidi peke yake hautoshi. Tanzania, kisha yale majaribio yote, sekondari inaendelea kwa Kiingereza. Bazazi banaogopa, kama bazazi ba kwetu benye banajua barua ya kuomba kazi ya mugodi inaandikwa Kifaransa. Brock-Utne na Qorro banajibu vizuri: kujifunza luga ni kitu kimoja, kujifunzia katika ile luga ni kingine. Jibu ni la kweli, ila vitabu vyao vingi viko kwa Kiingereza. Muzazi wa Dilala atalisikia wapi?

Tumukatae basi? Hapana. Jaribio la shamba halikuambie upande mbegu ile ile kila fasi, linakuonyesha namna ya kujaribu kwako. Banafunzi ba ualimu, memware zenu ziko za nini? Kalasi mbili, somo moja, mwalimu mwenye amefundishwa kueleza kwa Swahili ya hapa, na batoto banaulizwa kueleza kwa maneno yao. Kisha mutuandikie matokeo, kwa luga yenye mama wa mutoto anaweza kusoma.