NetBSD: msimbo usioiamini kompyuta unamojengwa

Mradi wa NetBSD ulianza mwaka 1993, na tangu hapo umesifiwa zaidi kwa jambo moja: mfumo endeshi wake unakubali kompyuta za kila namna, kuanzia VAX za zamani za kampuni ya Digital, mashine ya michezo ya Dreamcast, hadi seva za leo za biti 64. Kwa kawaida sifa hiyo hupewa kerneli, na kerneli inastahili sehemu yake. Ndani ya saraka ya sys/dev, kiendeshi cha kadi ya mtandao huandikwa mara moja tu bila kujali kadi imechomekwa kwenye mashine gani, na mambo ya mashine mojamoja yamefungiwa ndani ya sys/arch. Lakini kiendeshi kilichoandikwa vizuri hakimfai kitu mwenye VAX ikiwa kuujenga mfumo mzima juu ya VAX hiyo kunakula siku na majuma. Naona siri ya NetBSD iko kwingine, mahali ambapo watu wachache huangalia: katika uamuzi kwamba msimbo ubebe zana zake wenyewe na usitegemee karibu chochote cha kompyuta unamojengwa.

Kabla ya toleo la 1.6, lililotoka Septemba 2002, njia ya kawaida ilikuwa kuujenga mfumo juu ya mashine ileile itakayouendesha, kwa mamlaka ya mtumiaji mkuu, huku kompaila na maktaba mpya zikiwekwa juu ya zile zinazotumika wakati huohuo. Ukikosea mpangilio, kazi inakwama katikati na mashine inabaki nusu mpya, nusu ya zamani. Kazi ya kuondoa hali hiyo, iliyoelezwa na Luke Mewburn na Matthew Green kwenye mkutano wa BSDCon mwaka 2003, iliweka mlango mmoja wa kuingilia: skripti ya build.sh, iliyo juu kabisa ya saraka ya msimbo. Haidai mengi zaidi ya shell ya kawaida na kompaila. Kwanza inatengeneza nbmake, yaani make ya NetBSD yenyewe, kwa kuwa make za mifumo mingine hazisomi sheria zilezile. Kisha nbmake inaingia saraka ya tools na kutengeneza kompaila, kiunganishi na zana nyinginezo, na ni zana hizo zinazojenga kila kitu kinachofuata. Mtu aliyeketi mbele ya Linux au macOS anaandika amri moja, anataja vax, na mwisho anapata toleo kamili la VAX. Hata zana hizo za kwanza zinajengwa kwa tahadhari: maktaba ndogo iliyomo tools/compat inaziba mapengo ya mifumo mingine. Fanksheni ya strlcpy, ambayo jamaa wa BSD wameizoea tangu miaka ya 1990, haikuingia kwenye maktaba ya C ya GNU hadi toleo la 2.38 la mwaka 2023. Aliyengoja Linux impe angengoja zaidi ya miaka 20.

Ugumu wa kutoiamini kompyuta ya kujengea unaonekana vizuri ukiitazama programu ndogo kama awk. Sehemu ya msimbo wake, faili ya proctab.c, haiandikwi na mtu. Inatolewa na programu nyingine, maketab, ambayo lazima iendeshwe katikati ya ujenzi. Ukiikompaili maketab kwa ajili ya VAX pamoja na awk yenyewe, kompyuta yako ya Intel haitaweza kuiendesha na kazi itasimama hapo. Kwa hiyo maketab inakompailiwa kwa kompyuta ya kujengea, awk kwa mashine lengwa, na Makefile lazima ijue tofauti hiyo. Saraka ya msimbo ina visa vingi vya aina hii, na kila kimoja ilibidi kitafutwe na kurekebishwa kwa mkono. Suala la umiliki wa faili lilikuwa gumu zaidi. Programu ya /bin/cat inatakiwa iwe mali ya root, yaani mtumiaji mkuu, kundi la wheel, ruhusa 0555, lakini mtumiaji wa kawaida hawezi kuipa faili umiliki wa root. Jibu lilikuwa kutoipa. Kwa chaguo la -U, zana ya install inaiacha faili mikononi mwa anayejenga na kuandika mstari mmoja katika daftari liitwalo METALOG: faili hii, mmiliki huyu, ruhusa hizi. Baadaye makefs, iliyoandikwa na Mewburn, inasoma daftari hilo na kutengeneza taswira ya diski yenye umiliki sahihi, bila mtu yeyote kupewa mamlaka ya mtumiaji mkuu. FreeBSD nao waliichukua makefs wakaitumia kwao. Kwangu hilo ndilo wazo bora kuliko yote katika kazi hii, kwa sababu liliondoa ulazima wa mamlaka pale ambapo wengine walikuwa wakitafuta njia salama zaidi za kuyatoa.

Nidhamu hiyohiyo imo katika distrib/sets/lists, ambako kila faili ya mfumo imeorodheshwa kwa jina. Ikitokea faili isiyo kwenye orodha, au ya kwenye orodha ikakosekana, ujenzi unakataa kuendelea. Inachosha, na kila anayeongeza ukurasa mmoja wa mwongozo hukumbana nayo. Ila ni orodha hiyo inayogundua kwamba maktaba imepotea kwenye sparc64 wakati aliyebadilisha msimbo alikuwa akijaribu kwenye amd64 pekee. Matunda ya nidhamu hii yalionekana mwaka 2017, mradi ulipotangaza kwamba matoleo ya amd64 na sparc64 yanaweza kujengwa mara mbili na kutoka sawasawa, biti kwa biti. Kazi ilikuwa bado ipo, hasa kuondoa tarehe na njia za saraka zilizokuwa zikijipenyeza ndani ya faili, lakini zana za kila mjenzi zilikuwa tayari zimetokana na msimbo uleule.

Wapo watakaosema gharama ni kubwa mno. Kuijenga kompaila ya GCC, iliyomo external/gpl3, kabla ya kujenga hata ls, ni kupoteza muda wa prosesa na nafasi ya diski. Ni kweli, na kwenye kompyuta ndogo utausikia mzigo huo. Lakini zana zikishajengwa hutumika tena na tena hadi msimbo wake ubadilike, na chaguo la -u hujenga yaliyobadilika tu. Pingamizi zito zaidi linatoka upande wa Linux: mifumo inayokusanywa kutoka miradi mingi iliyo huru inatumiwa na watu wengi mno kuliko NetBSD, hivyo saraka moja yenye kila kitu si sharti la mafanikio. Sibishi kuhusu idadi ya watumiaji. Ninachotazama ni kilichotokea Linux ilipolazimika kuingia kwenye vifaa vidogo. Buildroot kwa kawaida hutengeneza kompaila yake kwanza, na msimbo wa Android huja na kompaila iliyokwisha kujengwa ndani yake. Waliokabiliwa na tatizo lile walifika kwenye jibu lilelile, kwa njia zao.

Linabaki pingamizi moja ambalo build.sh haiwezi kulijibu peke yake: kukompaili si kuendesha. Toleo la VAX linaweza kujengeka bila kosa hata moja kisha likagoma kuwaka. Ndiyo maana kuna saraka ya tests, na programu ya anita inayosakinisha toleo jipya ndani ya kiigaji kama QEMU na kuendesha majaribio hayo bila mtu kugusa kitu. Pale kiigaji kinapoiga mashine vizuri, pengo linapungua sana. Pasipo kiigaji kinachofaa, mradi unamtegemea mtu mwenye chuma chenyewe nyumbani, aliye tayari kukiwasha na kuripoti alichokiona, na kwa mashine kadhaa za zamani watu hao wanazidi kupungua.