Limeriki si Takhmisa

Baadhi ya wanafunzi wetu, wakiona utungo wa mishororo mitano, huuita takhmisa na kuishia hapo. Katika makala haya mafupi tunapinga mazoea hayo. Takhmisa huzaliwa na shairi jingine: mtunzi huongeza mishororo mitatu juu ya miwili ya mwenziwe. Limeriki, ambayo Edward Lear aliieneza Uingereza kwa kitabu chake cha mwaka 1846, hujitegemea, na shabaha yake ni kuchekesha. Mshororo wa kwanza, wa pili na wa tano ina kina kimoja; wa tatu na wa nne ni mifupi na ina kina chake.

Waingereza huipima limeriki kwa mkazo wa sauti. Sisi tunapendekeza mizani, kipimo cha arudhi yetu: 10, 10, 6, 6, 10. Tumejaribu hivi:

Alipanda pale Nyabugogo,
Kabeba gunia la mhogo;
Konda kamwambia:
"Lipia gunia."
"Basi lipewe kiti kidogo!"

Katika tungo tulizosahihisha, makosa mawili hujirudia. Kwanza, "mhogo" huhesabiwa mizani 2 badala ya 3. Mtunzi hudhani mshororo umepungua, akapachika neno lisilohitajika. Mnyarwanda ana dawa nyumbani: "mtu" wa Kiswahili ndiye "umuntu" wa Kinyarwanda. Ile "m" imepoteza irabu, haikupoteza nafasi yake. Pili, "chakula" na "hasira" hufanywa kina kimoja, kwa kuwa Kinyarwanda hakitenganishi l na r kama Kiswahili. Utungo usomwe kwa sauti mbele ya mwenzako, naye asikilize silabi za mwisho.

Hata hivyo, kosa kubwa si la hesabu. Tungo nyingi hutimiza vina na mizani, lakini mshororo wa tano hutoa mawaidha au hurudia wa kwanza. Lear mwenyewe alizoea kurudia neno la mwisho; katika hilo tusimwige. Mishororo mifupi hutega, wa tano hufyatua. Abiria wetu hakukataa kulipa. Amedai haki ya nauli yake. Hapo ndipo penye kicheko.

Tangu mwaka 2017 Kiswahili ni lugha rasmi nchini Rwanda, na wahitimu wetu ndio watakaosahihisha tungo za watoto. Mwalimu anayetoa alama zote kwa hesabu ya silabi atapata wahasibu, si watunzi. Tuzitenge baadhi ya alama kwa ajili ya kicheko.