Chini ya Ringi

Anayeshika pedi ya gemu ya kikapu kwa mara ya kwanza hurusha mpira kutoka mbali. Anavuka nusu ya uwanja, anabonyeza kitufe cha mraba, kisha anamwachia Mungu. Mwulize kwa nini hakusogea, atakwambia kule karibu kuna watu wengi. Kweli wapo wengi, na ndiyo maana nashikilia kwamba ufundi wa mchezo huu unakaa chini ya ringi, si kwingine. Kufunga palipo wazi ni jambo moja. Kufunga ukiwa umezungukwa na majitu manne yaliyonyoosha mikono ni jambo jingine kabisa.

Hapa Ihanda, wilayani Mbozi, kikapu si mchezo wa kila kona. Kijana akitoka kwenye kahawa au mahindi, akapata nafasi ya kuingia banda la gemu Vwawa au Tunduma, anataka mpira wa miguu. Diski ya kikapu hukaa chini ya rundo, imechubuka. Ringi halisi zilizosimama wima utazitafuta kwenye viwanja vya shule, na wavu usiutegemee. Kwa hiyo mtu wa huku anayekijua kikapu mara nyingi amekijua kwa vidole kabla ya miguu. Wapo wanaouona huo kuwa upungufu. Mimi naona una faida yake: kidole gumba hakina urefu. Wa futi tano na wa futi sita wakikaa benchi moja mbele ya televisheni, wote wawili wanaendesha jitu lilelile, na anayefunga ni yule anayejua.

Na katika majitu hayo lipo letu. Mwaka 2009 Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam aliyekuwa akisoma na kucheza Chuo Kikuu cha Connecticut, alichaguliwa wa pili kati ya wachezaji wapya wa NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, akaenda Memphis Grizzlies. Mbele yake alikuwa Blake Griffin peke yake. James Harden alikuwa wa tatu. Stephen Curry, ambaye leo kila mtoto anamwiga, alikuwa wa saba. Thabeet akawa Mtanzania wa kwanza kucheza ligi ile, akiwa na urefu wa mita 2.21. Mwaka huohuo ikatoka gemu ya NBA 2K10, naye akiwamo. Toleo la PlayStation 2 lilikuwapo pia, mashine ambayo kwetu ilizeekea kwenye mabanda wakati wa ng'ambo wameshaihama. Basi Mtanzania akaweza kumwongoza Mtanzania mwenzake katika ukumbi wa Memphis kwa vidole vyake mwenyewe.

Karibu kila anayemkuta mle humchagua kwa uzalendo, na uzalendo huo huisha kabla ya robo ya kwanza. Anampa mpira mbali na kapu, anamwamuru apige chenga, mpira unaporwa. Anamrushisha kutoka pembeni, hauingii. Kisha anatupa pedi na kulaani. Ya ulimwengu wa kweli yanajulikana: katika miaka yake ya NBA wastani wake haukufika pointi 3 kwa mchezo, na Februari 2010 Memphis walimpeleka kwa muda ligi ya chini kupata mazoezi. Yamesemwa sana, tena na watu ambao hawajawahi kugusa hata ubao wa ringi. Mimi napenda kumtumia kwa sababu ileile inayowafanya wamkimbie. Gemu haikumpa mkono wa mbali wala miguu ya upepo. Ukimtaka akufungie, lazima ufikiri badala yake.

Kazi inaanza kabla hajagusa mpira. Unamwita aje amwekee kizuizi mchezeshaji wako. Beki wa mchezeshaji anajigonga kwake, mabeki wawili wanabaki wakiulizana kwa macho nani amkabe nani, na katika nusu sekunde hiyo Thabeet anageuka kuelekea kapu. Hapo unampigia pasi ya juu, juu kabisa, mahali ambapo mikono yake tu ndiyo inafika. Akishaudaka, usidundishe. Wanaojifunza karibu wote huteleza hapa. Mrefu akidundisha, anaushusha mpira hadi kwenye himaya ya wafupi, nao hawana huruma. Makocha wa viwanjani hupiga kelele kuhusu jambo hili mpaka sauti inakauka, na gemu, kwa sifa yake, inakuadhibu vilevile. Mpira ukae juu ya kichwa, hatua moja, danki: unausukumiza ndani ya ringi kutoka juu.

Kama njia imeziba, umpe beki mgongo. Gusa mraba, uachie haraka kabla mikono haijanyooka. Beki mwenye pupa ataruka. Mtu akisharuka hana tena amri juu ya mwili wake. Anasubiri ardhi imrudishe. Yeye akianza kushuka, wewe ndipo unapopanda. Sijui raha inayoizidi hii katika gemu yoyote, hata danki lenyewe.

Wafupi nao wana njia zao, na pengine ndizo nzuri zaidi kutazama. Ringi iko mita 3.05 kutoka chini, tundu lake lina upana wa sentimita 45 hivi, na mpira karibu sentimita 24, hivyo nafasi ipo. Tatizo ni pembe. Ukiwa chini kabisa ya chuma hulioni tundu, unaona ukingo tu. Ndiyo kazi ya ule mraba mdogo uliochorwa kwenye ubao: ukija kwa upande, unaugusisha mpira pale juu, nao unaanguka wenyewe ndani. Katika gemu hizi kijiti cha kulia ndicho kinachochagua mkono. Kisukume kushoto, mchezaji anamalizia kwa kushoto, mwili wake ukiwa ukuta kati ya mpira na beki. Wengi hawakigusi. Wanabonyeza mraba tu na kuiachia mashine iamue, halafu wanashangaa mpira ukipigwa bloku ukaenda kwa watazamaji.

Kosa jingine ni kulalia kitufe cha kasi. Eneo la chini ya ringi linajaa kama barabara ya Tunduma siku malori yanapongoja kuvuka kwenda Zambia, na huko honi haimpitishi mtu. Mbio unazihitaji kumpita beki wa kwanza. Ukishampita, kiachie kitufe, punguza mwendo, mwone wa pili anaegemea upande gani, kisha hatua moja huku na nyingine kule. Ile hatua pana ya kukatiza pande mbili ambayo Manu Ginóbili wa Argentina aliifanya iogopwe Marekani haikuwa na kasi kubwa. Ilikuwa na uwongo mkubwa.

Watunga sheria waliwahi kuwaogopa mafundi wa eneo hili. Mwaka 1944 vyuo vya Marekani vilipiga marufuku kuugusa mpira unaposhuka kuelekea kapu, kwa sababu ya warefu kama George Mikan waliokuwa wakiuokota angani. Mwaka 1967 wakaenda mbali zaidi, wakaliharamisha danki lenyewe, wakati Lew Alcindor, ambaye baadaye aliitwa Kareem Abdul-Jabbar, akitawala akiwa chuo cha UCLA. Marufuku hiyo ilidumu hadi 1976. Kwa mtu kama yeye ilikuwa zawadi ya kinyume: aliukomaza mtupo wa mkono mmoja uliopinda juu ya kichwa, na wachache sana waliweza kuuzuia kwa miaka 20 ya NBA. Watengeneza gemu walikwenda upande wa pili. NBA Jam ya mwaka 1993 ilimrusha mchezaji juu kuliko ubao, mpira ukiwaka moto. Ilichekesha, lakini haikumfundisha mtu kitu. Zilizofuata, hasa mfululizo wa 2K ulioanza 1999, ndizo zilizoleta miguu.

Kuhusu miguu, wa kumsoma ni Hakeem Olajuwon. Alizaliwa Lagos, akadaka kwenye mpira wa miguu na kucheza mpira wa mikono kabla hajakijua kikapu, akaenda Houston, akachukua ubingwa wa NBA mwaka 1994 na 1995. Mgongo kwa kapu, bega linaashiria kulia, mwili unakwenda kushoto, beki anabaki ameshika hewa. Alipostaafu, nyota wakubwa akina Kobe Bryant na LeBron James walimfuata awafundishe. Kwa vijana wetu waliokulia kwenye soka hii ni habari njema: miguu ya chenga wanayo tayari.

Wenye hesabu watasema zama hizi ni za kurusha kutoka mbali. Tuhesabu basi. Mitupo ya pointi 3 katika NBA huingia kama 36 kwa 100. Ni pointi 108. Ya mlangoni pa kapu huzidi 60 kwa 100. Ni 120 na ushee, bila kutaja faulo. Shida ni kufika huko mlangoni, na hiyo shida ndiyo ninayoisifu.

Jirani yangu mmoja hanielewi hata kidogo. Yeye ni Golden State, timu ya Curry, mbali, kila mara. Namwachia, nachukua Memphis yenye Mtanzania wangu. Mara nyingi hunifunga, siwezi kukana. Ila mitupo yake ikiingia, banda halishtuki, kila mtu anaendelea na soda yake. Thabeet akigeuka kutoka kwenye kizuizi, pasi ikamkuta juu na ringi ikatikisika, hata wale wanaongoja zamu ya mpira wa miguu hugeuza shingo, na mmoja wao huuliza: "Huyo si Mbongo huyo?"